Kijana anayetaka kumtumikia Mungu asome nini?

Kijana mwenye imani akiuliza asome nini chuoni ili maisha yake yawe ya utumishi, hupewa majibu yaleyale karibu kila mahali. Udaktari, kwa kuwa kuponya ni sadaka. Uuguzi au ualimu, hasa kama aliyeuliza ni binti. Na akionekana ana moto kweli, chuo cha dini: seminari, theolojia, au sharia na masomo ya Qur'ani. Akisema amevutiwa na takwimu, uhandisi wa maji, uhasibu au sheria ya ardhi, mzee aliyeulizwa husita kidogo kisha humwambia, "Sawa mwanangu, ila usimsahau Mungu," kana kwamba kijana ametangaza safari ya kwenda kumsahau.

Mzee hana nia mbaya. Ila ushauri wake unaanza na jina la kazi, na hapo ndipo unapopotea. Mwaka 1997 mtafiti wa saikolojia Amy Wrzesniewski na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Marekani juu ya namna watu wanavyoitazama kazi yao. Wapo walioiona kuwa njia ya kupata riziki basi, wapo walioiona kuwa njia ya kupanda cheo, na wapo walioiona kuwa wito. Ndani ya utafiti huo kulikuwa na kundi dogo la wasaidizi wa ofisi 24, watu wenye kazi zinazofanana, na hao nao waligawanyika karibu sawasawa katika mafungu hayo matatu. Wanapiga simu zilezile na kupanga majalada yaleyale, lakini kila mmoja anakwenda nyumbani na maana yake. Vivyo hivyo cheti cha udaktari hakimgeuzi mtu kuwa mtumishi. Yeyote aliyewahi kufokewa kwenye foleni ya hospitali analijua hilo bila kusubiri watafiti.

Ningependa kijana huyo aulize mambo mawili mengine, yasiyo na mvuto wa mimbarini. Masomo haya yatanipa ujuzi ambao watu wanaukosa kweli? Na nikishaupata, nitabaki na uhuru wa kukataa? Hilo la pili huulizwa mara chache mno, nami naliona zito kuliko la kwanza.

Tuanze na ujuzi unaokosekana. Aliyelizungumza jambo hili kwa ukali wa kupendeza ni Imam Ghazali, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1111. Alizigawa elimu za faradhi mafungu mawili. Kuna elimu ambayo kila Mwislamu mmoja mmoja hana budi kuwa nayo, na kuna elimu ambayo ni deni la jamii nzima: wakijitokeza wa kutosha kuibeba, waliobaki wamesamehewa, asipojitokeza mtu, dhambi ni ya wote. Hii ya pili ndiyo faradhi kifaya. Wengi wakiisikia hukumbuka sala ya jeneza. Yeye aliweka humo tiba na hesabu, akaongeza kilimo, ufumaji, ushonaji, hata kuumika, yaani kutoa damu kama tiba.

Kisha akalalamika. Ni miji mingapi, alisema, haina tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali imejaa watu wa fiqhi, elimu ya sheria za dini, waliozama katika mabishano ya kielimu! Kila mmoja wao anadai anasoma ili kutimiza faradhi kifaya. Mbona basi wanaisongamania faradhi ambayo tayari ina watu tele, na kuikwepa ile isiyo na mtu? Jibu alilotoa mwenyewe halikumwachia mtu pa kujificha: tiba haimfikishi msomi kwenye usimamizi wa wakfu na wasia, wala kwenye kushika mali za yatima, wala kwenye ukadhi na vyeo vya serikali. Fiqhi inafikisha.

Ikumbukwe kwamba aliyesema hayo hakuwa tabibu mwenye kinyongo. Alikuwa mwalimu mkuu wa fiqhi katika madrasa ya Nidhamiya ya Baghdad, nafasi ambayo wasomi wa zama zake waliiota, na mwaka 1095 aliiacha akaondoka mjini. Alikuwa anawasema wanafunzi wa aina yake.

Kipimo chake kina faida moja kubwa: hakijafungwa kwenye orodha ya kazi. Leo, mahali fulani, fani iliyojaa watu inaweza kuwa ileile tiba aliyoililia, na iliyoachwa ikawa ufundi wa kutunza mitambo ya hospitali, au uhasibu wa taasisi za dini ambazo vitabu vyao vya fedha havijakaguliwa na mtu anayejua kazi. Nimeona watu wengi wa sala wakilia kwa sababu ya fedha za waumini zilizopotea. Sijaona wengi wakimwambia binti mwenye akili ya hesabu kwamba akisomea ukaguzi wa fedha atakuwa anailinda nyumba ya Mungu. Tena kipimo hicho kinawavua watu kisingizio. Anayesema anasoma kwa ajili ya jamii hana budi kueleza ni upungufu gani wa jamii anaokwenda kuuziba, na kama hawezi kuueleza, huenda anakwenda kutafuta alichokitaja Ghazali.

Taasisi za dini zenyewe zimekuwa zikilielewa hili, japo polepole. Al-Azhar ya Cairo, iliyoanza kufundisha katika karne ya 10, iliongezewa kwa sheria ya mwaka 1961 vitivo vya tiba, uhandisi na kilimo kando ya vile vya sharia na misingi ya dini. Kwa hiyo anayedhani lazima achague kati ya chuo cha Mungu na chuo cha dunia amechelewa habari.

Ujuzi nao una sura yake ya pili, ambayo hadithi zetu za wito huirukia. Florence Nightingale aliandika kwamba Februari 1837, akiwa na miaka 16, Mungu alizungumza naye na kumwita amtumikie. Hakuambiwa amtumikie kwa kazi gani. Familia yake tajiri haikutaka hata kusikia habari za uuguzi, na ilipita miaka 14 kabla hajapata miezi michache ya mafunzo katika taasisi ya mashemasi wa kike wa Kiprotestanti huko Kaiserswerth, Ujerumani. Tunamjua kwa taa aliyotembea nayo wodini wakati wa vita vya Crimea, ambako alifika mwaka 1854 na wauguzi 38. Lakini huruma ya taa ile walikuwa nayo wengi. Alichokuwa nacho yeye ni hesabu, somo ambalo ilibidi awashawishi wazazi wake ndipo wamruhusu ajifunze. Baada ya vita alikaa na takwimu za vifo vya askari na kuonyesha kwamba waliokufa kwa maradhi yaliyoweza kuzuilika walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Akachora michoro ambayo hata mwanasiasa mvivu angeielewa kwa kuitupia jicho. Mageuzi ya usafi katika kambi na hospitali za jeshi yalitoka huko.

Somo la hesabu, basi, liligeuka kuwa ibada yake, ingawa hakuna mzee ambaye mwaka 1837 angemwambia, "Mungu anakuita, kasome takwimu."

Albert Schweitzer alipita njia nyingine. Alipofikisha miaka 30 tayari alikuwa mwanatheolojia na mwanafalsafa, tena mpiga kinanda cha kanisa mwenye jina Ulaya. Mwaka 1905 alirudi darasani kuanza tiba tangu mwanzo, kwa sababu alikuwa amesoma kuhusu upungufu wa watenda kazi wa misheni katika Afrika ya Kati. Jambo ninalolipenda katika habari yake ni dogo: shirika la wamisionari la Paris lilimwogopa. Halikuwa na shida na tiba yake. Lilikuwa na wasiwasi na theolojia yake, na lilimkubali baada ya kuahidi kwamba atatibu tu, hatahubiri. Mwaka 1913 alikwenda Lambaréné, Gabon, akiwa mhubiri aliyefungwa mdomo na daktari asiyepingika. Ujuzi ulimfungulia mlango ambao imani yake ilikuwa imefungiwa. Lakini huyuhuyu aliandika kwamba Mwafrika ni ndugu yake, ila ni ndugu mdogo, na wapo Waafrika waliomlaumu kwa hilo wakati angali hai. Shahada ya tiba haikumfundisha kusikiliza. Chuo kinachompeleka mwanafunzi "kuwahudumia watu" bila kumfundisha kukaa chini na kuwauliza wenyewe wanataka nini kinamtuma na nusu ya kazi.

Sasa nije kwenye uhuru wa kukataa.

Wengi tunamfahamu John Newton kama mchungaji Mwingereza aliyeandika tenzi za neema. Mwaka 1748, katika dhoruba baharini, alimlilia Mungu, na mwenyewe aliihesabu siku ile kuwa mwanzo wa kuokoka kwake. Wahubiri hupenda kumalizia hapo: akaokoka, akaacha biashara ya watumwa. Sivyo ilivyokuwa. Kuanzia mwaka 1750 hadi 1754 alisafiri mara tatu kama nahodha wa meli za watumwa. Siku za Jumapili aliongoza ibada kwa mabaharia wake huku watu wakiwa wamefungwa minyororo chini ya ubao aliopigia magoti. Aliiona kazi ile kuwa ya heshima, na aliamini majaliwa ya Mungu ndiyo yaliyompangia. Hakuacha kwa kuchomwa na dhamiri. Aliacha kwa sababu aliugua. Hadharani aliandika kuilaani biashara hiyo mwaka 1788, miaka 34 baadaye.

Habari hii inanitisha kuliko habari za wanafiki, kwa sababu Newton hakuwa mnafiki. Alisali kwa moyo. Alisoma Biblia kila siku. Kama tungemuuliza swali tunalowauliza vijana wetu, "Unasikia amani moyoni kuhusu kazi hii?", angejibu ndiyo, na angesema kweli. Amani ya moyoni ilikuwepo, na watu walikuwepo chini ya ubao. Kwa hiyo siwezi kuupa moyo peke yake kazi ya kuchagua njia. Moyo hujizoeza na mazingira yake, na mazingira yakiwa ni biashara ambayo majirani wote wanaiheshimu, moyo utatulia tu.

Kinachopaswa kuhojiwa ni kazi yenyewe. Faida yake inatoka kwa nani? Nikiifanya vizuri sana, ni nani anaumia? Kijana anayesomea programu za kompyuta anaweza kuajiriwa kutengeneza mfumo wa malipo ya hospitali, na anaweza kuajiriwa kubuni namna ya kumfanya mcheza kamari asiiweke simu chini usiku kucha. Darasa ni moja na lugha za programu ni zilezile. Anayesomea sheria anaweza kutetea wajane, na anaweza kuandika mikataba ambayo maskini hawezi kuielewa kwa kuwa imeandikwa asiielewe. Hakuna fani inayokuja ikiwa imeshatakaswa. Ndiyo maana nasema suala si fani peke yake: ni kama mtu, siku ile anapoletewa kazi chafu yenye mshahara mnono, ataweza kusema hapana na bado watoto wake wakala.

Newton huyohuyo, akiwa mzee, alitoa ushauri mmoja wa kazi ulio bora kuliko mwingi ninaousikia leo. Desemba 1785 mbunge kijana wa miaka 26, William Wilberforce, alimfuata kwa siri. Alikuwa ameingia katika imani kwa nguvu na akafikiri heri aachane na siasa, mahali pa uchafu, pengine aingie katika kazi ya kanisa. Newton alimshauri abaki bungeni. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na bunge hilo mwaka 1807. Wilberforce alikufa Julai 1833, siku tatu baada ya baraza la chini la bunge hilo kuupitisha muswada wa kukomesha utumwa katika sehemu kubwa ya himaya ya Uingereza. Angechukua njia iliyoonekana takatifu zaidi, angekuwa paroko mzuri wa kijiji fulani. Tena alikuwa mtu wa mali, jambo ambalo wasimuliaji wake hulipitia haraka. Hakuna aliyeweza kumnyamazisha kwa kumkatia mshahara.

Hapo ndipo huibuka kijana mwerevu na hoja yake: basi nitafute fedha kwanza, nyingi iwezekanavyo, nizitoe kwa wahitaji. Hoja hii si ya kuchekwa. John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliifundisha katika karne ya 18: chuma kadiri uwezavyo, tunza kadiri uwezavyo, toa kadiri uwezavyo. Ila wanaomnukuu husahau kwamba kwenye lile la kwanza alijenga uzio. Usichume kwa kuharibu afya yako wala akili yako, na usichume kwa kumwumiza jirani. Wauza pombe kali aliwataja waziwazi. Katika karne yetu hoja hiyo imerudi bila dini na bila uzio. Sam Bankman-Fried, aliyesoma fizikia katika chuo cha MIT, alishawishika akiwa mwanafunzi kwamba njia bora ya kuwasaidia watu ni kutajirika ili atoe. Kampuni yake ya sarafu za kidijitali, FTX, ilianguka Novemba 2022 ikiwa imetumia fedha za wateja. Machi 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Mtoaji mkubwa anaweza kabisa kuwa mtumishi mkubwa, na misikiti na makanisa mengi yanasimama kwa jasho la wafanyabiashara waaminifu. Lakini anayesema "nitatoa baadaye" amejipa sababu nzuri ya kutouliza maswali sasa hivi, na sababu nzuri ni hatari kuliko mbaya.

Upande wa pili wa shilingi ni yule anayejitoa mpaka ananyonywa. Mwaka 2009 Stuart Bunderson na Jeffery Thompson walichapisha utafiti juu ya watunzaji wa wanyama katika bustani za wanyama za Marekani na Kanada: watu ambao wengi wana shahada, wanalipwa kidogo, na wanaipenda kazi mno. Walioiona kuwa wito waliiona ina maana zaidi na waliwajibika zaidi. Walikuwa pia tayari zaidi kupoteza malipo na starehe, na ndio waliokuwa katika hatari ya kutumiwa vibaya na waajiri wanaojua kwamba hawataondoka. Badilisha wanyama uweke wanafunzi wa shule ya misheni, au wagonjwa wa zahanati ya taasisi ya Kiislamu, na utaitambua sura. "Tunafanya kwa ajili ya Mungu" ni sentensi nzuri ikisemwa na mwalimu. Ikisemwa na bodi iliyochelewesha mishahara, kijana awe na cheti kinachokubalika kwingine.

Muda nao ni sehemu ya uhuru. Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia ya Princeton. Walitumwa jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi yao hotuba ilihusu mfano wa Msamaria Mwema. Njiani mtu alikuwa ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Kati ya walioambiwa wamechelewa, asilimia 10. Kwenda kuhubiri habari za Msamaria hakukuleta tofauti ya maana. Wapo waliomruka mtu yule na kwenda kufundisha kwamba watu wasirukwe. Kijana anapopima kozi, apime na mwendo wa maisha inayompeleka. Kazi ya saa 80 kwa wiki hata ikiwa ya huruma inaweza kumnyima nafasi ya kumwonea mtu huruma.

Lakini kinachokata uhuru wa kukataa kuliko vyote hivi ni deni. Wanauchumi Jesse Rothstein na Cecilia Rouse walichapisha mwaka 2011 utafiti juu ya chuo kikuu kimoja cha Marekani, chenye ushindani mkali wa kuingia, ambacho kiliondoa mikopo katika msaada wake na kuwapa wanafunzi ruzuku badala yake. Waliweza kulinganisha waliotoka na deni na waliotoka bila deni. Deni liliwasukuma wahitimu kwenye kazi za mishahara mikubwa na kupunguza uwezekano wa kuchagua kazi za manufaa ya umma zenye malipo madogo. Sidhani kama wale wenye deni walikuwa na upendo mdogo kuliko wenzao. Walikuwa na tarehe ya marejesho.

Tunawaombea vijana wapate wito, kisha tunawasindikiza wasaini mkopo wa chuo chenye jina kubwa bila kukaa nao kupiga hesabu ya mshahara wa kuanzia wa kazi hiyohiyo wanayoitiwa. Kwa Mwislamu kuna tabaka jingine, la riba. Nchini Uingereza serikali ilikusanya maoni ya umma mwaka 2014 kuhusu mkopo wa wanafunzi usiokinzana na sharia, ikaupata uungwaji mkono mkubwa, na miaka 10 baadaye mpango huo ulikuwa bado haujaanza. Katika muda huo wapo waliochukua mkopo kwa moyo mzito, na wapo walioacha chuo. Wazee waliotoa fatwa pande zote mbili hawakulipa ada.

Zipo njia nyingine, na zinastahili heshima kuliko zinayopata. Chuo cha Berea, Kentucky, Marekani, kilianzishwa mwaka 1855 na John Fee, mhubiri aliyepinga utumwa, na hakijatoza ada ya masomo tangu mwaka 1892. Kila mwanafunzi hufanya kazi chuoni, angalau saa 10 kwa wiki. Vyuo vya namna hiyo ni vichache. Lakini kuanza na stashahada, kuajiriwa, kisha kurudi kwa shahada kunawezekana kwa wengi, na vilevile kuchagua chuo cha wastani chenye walimu wanaofundisha badala ya chuo cha fahari kinachokula shamba la familia. Cheti cha fundi umeme aliyelipia masomo yake kinaweza kuwa na uwezo mkubwa wa kusema hapana kuliko shahada ya uzamili iliyowekwa rehani. Ninajua wazazi hawapendi kusikia hili. Mchango wa sherehe ya mahafali ya shahada hupatikana haraka kuliko wa fundi.

Na sala je? Isaliwe. Mtume Muhammad aliwafundisha masahaba istikhara, sala ya kumwomba Mungu mwongozo kabla ya kuamua, kama alivyowafundisha sura ya Qur'ani, na Mkristo ana mapokeo marefu ya kufunga na kuomba kabla ya kuamua. Ninalolipinga ni kutumia sala kukwepa kuuliza. Waumini wa Quaker, dhehebu la Kikristo, wana utaratibu ninaoupenda: mwenye uamuzi mzito hukaa na watu wachache anaowaamini, nao hawaruhusiwi kumshauri. Wanauliza tu. Hebu fikiria mjomba anayezuiwa kushauri kwa saa mbili! Lakini maswali yake yangefaa: umewahi kukaa siku nzima na mtu anayeifanya kazi hiyo, siku isiyo na tukio lolote? Uliwauliza wahitimu wa kozi hiyo wako wapi miaka mitano baada ya kumaliza? Ukigundua mwaka wa pili kwamba si yako, chuo kinakuruhusu kuhama, na utapoteza nini? Majibu ya maswali hayo hayashuki kwa ndoto.

Amebaki yule ambaye baada ya yote hayo bado anasema kazi yake ni mimbari au madhabahu. Simzuii. Dini isiyo na wasomi wake inaachiwa wenye sauti kubwa. Ningemwomba jambo moja tu, kwamba asiingie humo mikono mitupu. Qur'ani inamtaja Nabii Daudi, mfalme, akifundishwa kutengeneza nguo za vita za chuma, na katika hadithi anasifiwa kwa kula kutokana na kazi ya mikono yake. Paulo alipofika Korintho, Kitabu cha Matendo kinasema, alikaa kwa Akila na Prisila akishona nao mahema, kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Mtu anaweza kudhani alikataa msaada wa waumini kwa kanuni. Haikuwa hivyo: akiwa Korintho alipokea mahitaji yaliyoletwa na ndugu kutoka Makedonia, na mwenyewe anakiri katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho. Fedha ambazo hakuzipokea ni za Wakorintho wenyewe, ambao alikuwa na kazi ya kuwakemea.